Maji Chini ya Gari

Inspekta alikuwa ameitazama picha ile ya ajali mara nyingi, na kila mara macho yake yalikimbilia kule yanakokimbilia macho ya kila mtu: kwenye geti lililopinda na shuka iliyofunika mwili. Asubuhi hiyo chai ilikuwa bado inamchoma ulimi, naye hakuwa na haraka. Akaanza kuitazama picha kutoka kingoni kuja katikati, polepole, kama mtu anayefagia chumba. Ndipo alipoona doa.

Lilikuwa chini ya gari, karibu na gurudumu la mbele upande wa abiria. Doa jeusi, lenye unyevu, juu ya saruji iliyokuwa kavu kila mahali pengine. Si damu. Damu ilikuwa mbele zaidi.

Aliacha chai mezani akashuka na picha hadi karakana ya kituo. Mkaguzi wa magari, ambaye tangu ujana wake watu wote walimwita Spana, alikuwa amelala chali chini ya lori la doria, miguu tu ikionekana.

"Gari la mkunga lilikuwa linavuja nini?" Inspekta aliiuliza ile miguu.

"Halivuji kitu. Nilishaandika kwenye ripoti."

"Toka huko uangalie."

Spana alijivuta nje, akafuta mikono kwenye ovaroli, akaishika picha kwa ncha za vidole. Aliitazama kwa muda mfupi tu.

"Hayo ni maji. Maji ya AC. AC ikifanya kazi inadondosha maji pale pale."

"Kwa hiyo AC ilikuwa imewashwa."

"Ilikuwa imewashwa, na kwa muda. Doa kama hilo halitoki mara moja."

"Na wewe ulipolipima gari, ulipima AC ikiwa imewashwa?"

Spana alifikiri kwanza. Alikuwa fundi asiyependa kubahatisha, na Inspekta alimheshimu kwa hilo.

"Nilipima breki," alisema. "Nilipima usukani, pedeli ya mafuta na waya wake, mkeka wa miguuni kama unaweza kuingia chini ya pedeli. Niliwasha injini ikatulia vizuri. AC sikuigusa. Mtu amekufa kwa kugongwa, Inspekta, nani atauliza kama dereva alikuwa anasikia joto?"

"Mimi nauliza sasa."

"Basi nipe mpaka mchana," alisema Spana, akatupa kitambaa na kuliacha lile lori kama lilivyo.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Mkunga wa zahanati, mwanamke wa makamo asiye na mume, alikuwa anampeleka mama yake kupimwa macho. Gari lilikuwa uani, limeelekea geti. Mama alishuka kufungua geti, na alipokuwa bado anahangaika na komeo, gari likachupa mbele likambana pale pale. Mashahidi wa tukio hawakuwepo. Baba wa nyumba alitoka ndani aliposikia kishindo, na kabla jua halijazama alikuwa kituoni akimshitaki binti yake wa pekee kwamba amemuua mama yake.

Kilichomnyima Inspekta raha ni maelezo mawili ya mkunga. Ya kwanza alimpa askari aliyefika pale uani, mama yake akiwa bado hajaondolewa: *Sikukanyaga mafuta. Mguu ulikuwa kwenye breki. AC ilikata, injini ikapanda yenyewe, gari likaruka.* Ya pili alikuja kuyatoa mwenyewe kituoni, bila kuitwa, asubuhi baada ya mazishi: *Nilikanyaga mafuta. Kosa ni langu.* Aliulizwa maswali mengine hakuongeza hata neno.

Kituoni wote waliona maelezo ya pili ndiyo ya kweli na ya kwanza ni ya hofu. Inspekta alikuwa amekaa na waongo wengi. Alijua wanaoanza kwa kukiri wakaishia kukana, hao hawana idadi. Lakini mtu aliyeanza na maneno ya kumwokoa, kisha akayatupa na kuchukua ya kumfunga, huyo alikuwa hajamwona. Tena ni mwongo gani, mama yake amelala chini, atakumbuka kusingizia AC?

Alichukua funguo za gari lake.

---

Jirani wa ukuta wa pili alikuwa fundi cherehani, mama mnene mwenye pini mdomoni. Ni yeye aliyemwambia askari siku ile kwamba alisikia ugomvi kabla ya kishindo. Maneno yenyewe yalikuwa kwenye faili: *Leo huniponyoki.*

"Ulisikia vizuri?" Inspekta alimuuliza.

"Nilisikia vizuri, afande. Ukuta huu ni jina tu." Alitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye nguo moja moja. "Binti alisema, 'Mama, leo huniponyoki.' Ndivyo alivyosema."

"Kwa hasira?"

Fundi cherehani alimwangalia kana kwamba ameulizwa kama maji yanalowesha.

"Hasira ya nini? Walikuwa wanacheka wote wawili. Yule mama alikuwa mwoga wa madaktari kupita kiasi. Kila siku ya kwenda kupimwa macho anapata udhuru, mara kiuno, mara mgeni anakuja. Na macho hayaoni. Sindano alikuwa ananiletea mimi nimtungie uzi, kisha anaenda kushona nyumbani ili mumewe asijue." Alichomeka pini nyingine. "Siku hiyo binti alimshika. Akamwambia, leo huniponyoki. Na mama akasema, 'Haya, mkamata wezi, twende.' Wakacheka."

"Hilo hukumwambia askari."

"Nilimwambia. Askari aliandika maneno. Kicheko hakukiandika."

Inspekta alifunga faili. Ugomvi, ambao ndio uliokuwa nguzo ya mashitaka yote, ulikuwa umekwisha kabla jirani hajamaliza kuchomeka pini zake.

Alizunguka ukuta akaingia nyumba ya marehemu. Mzee alikuwa uani, amechuchumaa mbele ya geti, akilifunga upya kwenye bawaba zake. Alikuwa ameligonga kwa nyundo mpaka likanyooka, ila pale katikati palibaki na bonde ambalo nyundo isingeweza kuliondoa. Maisha yake yote alikuwa fundi wa mitambo ya kusukuma maji, na ingawa alikuwa amestaafu, zana zake zilikuwa zimepangwa juu ya gunia kwa ukubwa. Alikaza boliti, akachovya kijiti kwenye kopo dogo la rangi ya kijani, akaweka tone juu ya kichwa cha boliti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiyo rangi ya nini?"

"Boliti ikilegea, rangi inakatika. Unajua mara moja." Hakugeuka. "Umeshampeleka mahakamani?"

"Bado nachunguza."

"Unachunguza nini? Amekiri."

"Amekiri, ndiyo. Nataka kujua habari za gari. Lilikuwa na tatizo?"

Mzee aliweka kijiti chini. Alijibu kama anavyojibu mtu anayeijua kazi yake, bila kujivuna.

"Lilikuwa linazima. Mwanzoni mwa joto hili. Akiwasha AC, injini inalemewa, inazima, hasa akisimama kwenye foleni. Siku moja lilimzimikia katikati ya makutano, alfajiri, anakwenda zamu. Malori yanampita huku na huku. Alipopiga simu, mama yake alitetemeka mpaka akashindwa kushika kikombe." Alitazama mikono yake. "Lakini hilo lilirekebishwa. Halikuzima tena. Gari lilikuwa zima kabisa, ndiyo maana nakwambia kosa ni la mguu. Yule si mwanangu tena."

"Kwenye mazishi ulimzuia."

"Nilisimama kwenye lango la makaburi nikamwambia, ukiingia wewe, mimi natoka. Akarudi." Alisema hivyo kwa sauti kavu, akaokota nyundo. "Ningemwacha aingie avae sura gani?"

Inspekta alitaka kuuliza ni fundi gani aliyelirekebisha gari. Simu yake ikaita. Alikuwa Spana, na Spana hakuwa mtu wa kupiga simu.

"Njoo," alisema. "Njoo usikie mwenyewe."

---

Gari lilikuwa katikati ya karakana, boneti wazi, kabari za mbao mbele na nyuma ya kila gurudumu. Spana alikaa nyuma ya usukani, akamwashiria Inspekta aketi upande wa abiria.

"Injini imeshapata moto. Ikiwa baridi haifanyi hivi, na mimi ile mara ya kwanza niliipima baridi. Angalia mshale wa mizunguko." Alionyesha kwenye dashibodi. "Hii ndiyo sailensa, injini inazunguka yenyewe bila mtu kukanyaga kitu. Iko juu kidogo, lakini imetulia. Unaona?"

"Naona."

"Mguu wangu uko kwenye breki, kidogo tu, kama mtu anayesubiri geti lifunguliwe. Gia naweka kwenye D. Sasa nawasha AC."

Upepo wa baridi ulitoka. Mbele, ndani ya boneti, kitu kikagonga: ta. Mshale ukashuka, injini ikaguna kama mtu aliyetwishwa mzigo.

"Kompresa ya AC imeshika," alisema Spana. "Injini inaisukuma, ndiyo maana imelemewa. Kompyuta ya gari inajua hilo, inafungua vali kuiongezea injini hewa isizime. Subiri."

Wakasubiri. Kikagonga tena, ta, safari hii kwa wepesi zaidi.

Mshale uliruka. Injini ilinguruma kwa ghafla, gari likainua pua na kujisukuma dhidi ya kabari mpaka mbao zikalia. Mkono wa Inspekta ulikuwa umeshika dashibodi kabla hajajua ameupeleka. Halafu mshale ukashuka, ukapanda, ukashuka, kama kifua cha mtu aliyetoka mbio. Mguu wa Spana ulikuwa umezama kwenye breki.

"Nilikuwa najua litakuja," alisema, "na bado lilinitangulia. Yeye alikuwa hajui."

Alizima, wakashuka. Spana alikuwa ameshakwenda hatua kwa hatua, na sasa alimwonyesha kila moja kwa utaratibu wake. Alichomoa waya wa kompresa, akawasha injini na AC: mshale ukatulia, wala hapakuwa na mruko. Akaurudisha waya: mruko ukarudi. Kwa hiyo si pedeli, si mguu, ni kompresa ikishika na kuachia. Akafunga geji kwenye mipira ya AC: gesi ilikuwa imepungua.

"Gesi ikipungua, kompresa haikai. Inashika, inaachia, inashika, inaachia. Badala ya kuachia mara chache, inaachia kila wakati. Kila ikiachia ni bahati nasibu."

Alinyunyiza dawa kwenye mipira yote ya hewa kutafuta ufa unaoingiza hewa isiyotakiwa. Hakuna. Akafungua vali ile inayoongeza hewa: ndani ilikuwa nyeusi kwa masizi, na ukiisukuma kwa kidole ilikwenda kwa kusuasua kisha ikabaki wazi.

"Basi ni vali," alisema Inspekta.

"Ndivyo nilivyofikiri. Vali imefunguka kusaidia injini, kompresa imeachia, vali imekwama haifungi. Hewa inazidi, injini inapanda. Sawa. Lakini hii peke yake inapandisha kidogo tu. Haiwezi kulirusha gari mguu wa mtu ukiwa kwenye breki." Alichukua tochi. "Kuna kitu kingine kinachoongeza hewa. Njoo huku."

Alimulika pembeni mwa injini, kwenye shimo dogo linaloweza kumeza kidole cha mtoto. Ndani yake kulikuwa na kichwa cha skrubu.

"Hii ni skrubu ya sailensa. Kiwandani wanaiziba kwa kifuniko ili watu wasiiguse. Kifuniko kimetolewa. Na tazama, alama za bisibisi, bado zinang'aa. Mtu ameifungua ili sailensa iwe juu, gari lisizime AC ikishika. Dawa ya haraka, mafundi wengi wangefanya hivyo hivyo. Na ilifaa, mpaka gesi ilipopungua na vali ikaanza kukwama. Hapo hewa mbili zikakutana."

Akaizungusha skrubu kurudi ilipokuwa zamani, akawasha. Kompresa iliposhika, injini ilitikisika ikakaribia kuzima. Ilipoachia, mshale ulipanda kidogo, gari halikusogea. Akairudisha ilivyokutwa. Kabari zikalia.

Inspekta hakuwa akitazama kabari. Alikuwa ameinama juu ya shimo lile na tochi mkononi. Juu ya kichwa cha skrubu, pembeni mwa mkwaruzo wa bisibisi, kulikuwa na tone la rangi ya kijani.

"Zima," alisema.

Spana alizima. Alimwangalia usoni.

"Umemjua."

"Nimemjua," alisema Inspekta, akaenda kusimama mlangoni kwenye hewa.

---

Mzee alikuja alasiri, amevaa shati lililopigwa pasi. Alidhani ameitwa kusaini mashitaka. Alipoliona gari alisimama, kisha akajilazimisha kusogea.

Inspekta alikuwa amepanga maneno ya kumwambia. Hakupata nafasi ya kuyatumia. Spana aliwasha injini kama walivyokubaliana, ili mzee aonyeshwe hatua kwa hatua, na kompresa iliposhika mara ya kwanza mzee aliinua mkono kuwanyamazisha wote. Alikuwa mtu aliyesikiliza pampu maisha yake yote. Aliegemeza kichwa upande mmoja. Kompresa ikaachia, injini ikaruka, mbao zikalia, ikashuka, ikapanda.



"Rudia," alisema mzee.

Spana akarudia.

Mzee alizunguka mpaka mbele ya boneti. Alipeleka mkono wake moja kwa moja kwenye lile shimo bila kutafuta, ukafika karibu na skrubu, ukabaki hewani.

"Hii ni mimi," alisema. "Nilifungua kidogo tu. Isimzimikie barabarani. Alikuwa anapita yale makutano peke yake, giza bado halijatoka."

Spana alishuka. Aliuacha mlango wazi.

"Mzee wangu, si skrubu peke yake. Kuna vali imejaa masizi, kuna gesi imevuja baadaye, vitu ambavyo wewe usingeweza..."

"Usinigawie, mwanangu," alisema mzee taratibu. "Nakushukuru, lakini usinigawie."

Inspekta alimletea kiti. Hakukaa. Ndipo akamuuliza lile swali alilotamani lisiwe na jibu.

"Mzee, siku ulipoifungua hiyo skrubu, binti yako alikuwepo?"

"Alinishikia tochi."

Inspekta alitoa faili, akamsomea maelezo ya kwanza, kisha ya pili. Alisoma polepole. Mzee alisikiliza kama alivyoisikiliza injini, kichwa upande.

"Hayo ya pili aliyatoa lini?"

"Asubuhi baada ya mazishi. Alikuja mwenyewe."

Mzee alikaa sasa, lakini si kwenye kiti. Alikaa chini, kwenye sakafu yenye mafuta, na shati lake lililopigwa pasi.

"Alikuwa anajua," alisema. "Nilimfukuza pale langoni, na kesho yake akaja hapa kunibebea."

---

Mkunga alikuwa anaishi kwa shangazi yake tangu siku ile. Shangazi alifungua mlango, akamwona kaka yake nyuma ya Inspekta, akafungua mdomo kusema neno zito, kisha akaona uso wake ulivyo na akaufunga. Akawapisha.

Binti alikuwa sebuleni, anakunja nguo zilizotoka kuanuliwa. Aliposikia nyayo aliinuka. Hakumwangalia baba yake. Alimwangalia Inspekta, akaona masizi kwenye vidole vyake.

"Mmelifungua gari," alisema.

"Tumelifungua."

"Nilishasema nilikanyaga mafuta. Maelezo yapo. Mnatafuta nini tena?"

"Hukukanyaga kitu, dada yangu. Yale ya kwanza ndiyo ya kweli."

"Andika hayo ya pili." Sauti yake ilishuka, akasogea karibu kana kwamba baba yake pale mlangoni asingesikia. "Nakuomba. Mimi bado nina nguvu za kubeba. Yeye hana. Kazi nitapata nyingine, kifungo kitaisha. Yeye akijua, utamzika wiki hii."

"Anajua," alisema Inspekta.

Hapo ndipo alipomgeukia baba yake. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Walitazamana, na shangazi akaanza kulia kimya kule jikoni.

"Kwa nini hukuniambia?" mzee aliuliza.

"Ningekwambia nini, baba? Ulitoka ndani ukamkuta vile. Siku zile za mwanzo nilikuwa sifikiri kitu. Nilikumbuka ile tochi usiku wa mazishi, nimelala hapa. Nikakumbuka ulivyokuwa unaniambia, mulika hapa, mulika hapa, sasa hutazimikiwa tena. Ulikuwa na furaha." Alichukua nguo moja, akaikunja, akaikunjua. "Nikaona afadhali unichukie mimi."

"Nimekutukana mbele za watu."

"Ndiyo."

"Nimesema wewe si mwanangu."

"Nilisikia."

Mzee alitaka kupiga magoti. Binti alimwahi, akamshika viwiko akamwinua, kwa ule ustadi wa mtu aliyezoea kuinua miili mizito ya watu wenye maumivu. Alipomsimamisha wima alimwachia, akarudi nyuma hatua.

"Usinipigie magoti. Ile skrubu sina neno nayo, na wala sitakuwa nalo. Uliigusa kwa kuhofia maisha yangu." Akaokota nguo iliyoanguka. "Lakini lile lango, baba. Skrubu uliigusa bila kujua. Lango ulinifungia huku unaniona. Nilikuwa nimeshika mkononi udongo wa kumzikia mama. Niliondoka nao mpaka hapa kwa shangazi, nikaja kunawa kwenye sinki."



Ndipo Inspekta akasema yale ya kazi, kwa sababu nayo lazima yasemwe. Faili litakwenda kwa mwendesha mashitaka na kila kitu ndani yake: skrubu, vali, gesi, tochi. Yeye ameandika kuwa ni ajali na ataisimamia kauli hiyo, ila uamuzi si wake. Kesho mkunga aje kituoni kutoa maelezo mapya, na safari hii aseme kilichotokea tu, kwani kudanganya polisi nako ni kosa.

"Nitakuja," alisema binti.

"Na mimi nitakuja," alisema mzee.

Inspekta alikuwa ameshafika mlangoni binti alipomwita.

"Afande, una gari?"

"Ninalo."

"Nipeleke kwa mama. Peke yangu sipajui alipo." Akasita, halafu akasema bila kugeuka, "Na yeye aje. Kuna wa kunionyesha mwingine?"

Walikwenda, mzee mbele pembeni mwa Inspekta, binti nyuma.  Kwenye lango la makaburi mzee alishuka wa kwanza, akalisukuma mwenyewe mpaka mwisho wa reli yake, akasimama kando, kichwa chini, mpaka binti yake akapita. Inspekta alibaki kwenye gari. Kutoka pale aliwaona wakipita kati ya safu, mzee akitangulia sasa, mpaka kwenye udongo ambao bado ulikuwa na rangi tofauti na mwingine. Mvua ya juzi ilikuwa imeusawazisha. Hapakuwa na alama yoyote. Mzee alikuwa hajapata moyo wa kuagiza.

Binti alisimama pembeni mwa kaburi. Alilitazama upande huu, akalitazama upande ule, akapiga hatua kwenda mwisho mmoja, akarudi.

"Baba," alisema, "kichwa kiko upande gani?"

Mzee alinyoosha mkono kumwonyesha, kisha akaushusha. Akazunguka mwenyewe, akaenda akasimama upande wa kichwa.